Hotuba ya Kuzindua Punguzo la Miaka ya Anold

(Imetolewa na Mheshimiwa Nathanieli Nahumu, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapitio ya Adhabu za Washiriki Wadogo wa Usafirishaji wa Dawa za Kulevya Baharini, Kanda ya Nyanda za Juu, katika uwanja ulio nyuma ya soko la viazi, Makambako, siku ya Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi kwa mujibu wa ratiba na saa sita na nusu kwa mujibu wa saa.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi, kwa kuwa nimearifiwa sasa hivi kwamba mwakilishi naye amepata udhuru, waheshimiwa wajumbe kumi na wanne wa Kamati, mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa, wenzi wa waheshimiwa wajumbe, mlioketi kwenye viti vilivyobaki vyenye vitambaa, wachungaji wetu wapendwa, viongozi wa wauza viazi, wa wauza mbao, wa wauza parachichi na wa wasiouza kitu, kikundi cha ngoma, mpiga picha, Bibi Eveline, Katibu wangu, aliyeichapa hotuba hii kwa vidole vyake viwili vilivyobarikiwa, makuli wa soko mliosimama kule nyuma, na mama yake mfungwa, ambaye itifaki haikumtaja lakini jicho langu limemwona. Kamwene.

(Watu wanaitikia: Kamwene.)

Hamkuitikia kama watu wenye mradi. Kamwene.

(Wanaitikia kwa sauti zaidi. Upepo unavuma, turubai linapigapiga.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao nimesifiwa nao katika vikao visivyopungua sita, ili kuzindua rasmi, kwa niaba ya wadau wote, kwa niaba ya waliotutuma na kwa niaba yangu mwenyewe, Mradi wa Punguzo la Adhabu kwa Washiriki Wadogo wa Usafirishaji wa Dawa za Kulevya Baharini, mradi ambao ni wa kwanza wa aina yake katika mikoa yote isiyo na bahari.

(Makofi kutoka kwenye viti vyenye vitambaa.)

Wapo watu, na siwataji kwa sababu wanajijua na wanakaa Njombe mjini, wanaouliza kamati ya bahari inatafuta nini Makambako, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya kwenye tangi la stendi. Swali hilo ni la mtu asiye na exposure. Sisi kitaalamu tunaangalia mnyororo. Mnyororo wa dawa za kulevya baharini una tajiri, ambaye kwenye boti hapandi. Una nahodha, ambaye anajua alichobeba. Una mabaharia, ambao wanakisia. Na mwisho kabisa una mtu anayepika ugali na kuosha masufuria. Boti inapokamatwa, tajiri yuko nyumbani kwake anachagua shati la kuvaa, na hao wengine wanasimama kizimbani kwa mstari mmoja na kupewa miaka ileile, nahodha thelathini, mpishi thelathini. Hapo ndipo unapoingia Mwongozo Mpya wa Punguzo, mwongozo mzuri sana, ambao mimi binafsi niliuelewa hata kabla haujaandikwa, unaosema kwamba mshiriki mdogo apimwe kwa udogo wake.

(Makofi. Kuli mmoja, Kefa, anasema kule nyuma: "Hapo umesema.")

Nashukuru, kijana. Nimesema, na nitaendelea kusema.

Sasa nije kwenye takwimu, kwa sababu uongozi usio na takwimu ni porojo. Andiko la mradi lilikadiria walengwa mia nne. Kamati ilizunguka Kanda nzima kwa wiki nne, ikala kuku wa kata kumi na tatu, ikafanya mahojiano na watu elfu moja mia mbili na sita, ambao kati yao asilimia themanini na saba nukta nne hawakujua tunazungumzia nini, na hatimaye tukampata mlengwa mmoja. Huyo mmoja, ndugu zangu, ni sawa na asilimia mia moja ya walengwa wote waliopatikana. Na kwa kuwa wajumbe ni kumi na wanne, maana yake ni kwamba kila mlengwa katika Kanda hii anahudumiwa na wajumbe kumi na wanne, uwiano ambao hata hospitali za rufaa hazijaufikia na sidhani kama zitaufikia.

(Makofi marefu. Mjumbe mmoja anasimama, anainama, anakaa.)

Mlengwa wetu anaitwa Anold. Ana miaka ishirini na minne. Wengi mnamfahamu, alikuwa hapahapa sokoni anashona magunia.

(Kefa: "Mimi nilikuwa nabeba, yeye anashona.")

Asante, lakini nimeshasema nitaendelea mimi. Gunia letu la viazi mnalijua: likishajaa linavikwa kichwa cha majani, linashonwa mdomo kwa kamba ya katani, na pembeni mbebaji anaachiwa masikio mawili ya kushikia. Anold, kwa ushahidi wa sokoni, alikuwa hawezi kupita penye gunia lililoachwa mdomo wazi. Hata la mtu asiyemjua, atalishona. Basi alikwenda pwani kutafuta maisha, akapata kazi ya kupika kwenye boti ya mizigo, na siku ya tatu majini akakuta magunia kumi na mawili yamefungwa ovyoovyo kwa kamba ya nailoni. Akatoa sindano yake ya magunia, ambayo alikuwa amekwenda nayo pwani kama mtu anavyokwenda na kitambulisho, akayashona yote, masikio mawili mawili, bila kutumwa na mtu. Boti ikakamatwa. Wakauliza nani ameshona haya magunia. Akanyoosha mkono.

(Mama mmoja anasema taratibu: "Alidhani atasifiwa.")

Huo sasa, ndugu wananchi, ndio udogo tunaoutafuta. Ni udogo wa viwango. Nilipousikia mara ya kwanza nilisema kwenye kikao, na mihtasari ipo, kwamba hata tungeagiza mshiriki mdogo kutoka kiwandani tusingempata mwingine wa namna hii.

(Mama yake Anold, Telesia, mkulima wa viazi kutoka kijiji cha upande wa Njombe, anasimama katikati ya watu. "Mheshimiwa, kamwene. Naomba ile nakala ya hukumu.")

Mama Anold, kaa kwanza. Tutafika.

("Nimekaa tangu saa tatu, baba. Mliichukua mwezi wa pili mkasema ni ya kufanyia mapitio, na nisikate rufaa, nitavuruga. Mahakama imetuongezea muda, na mwisho wake ni Ijumaa. Wakili wa msaada wa kisheria yuko Njombe leo mpaka saa kumi, kesho anasafiri. Anasema bila ile nakala hawezi kuandika kitu, na kuomba nyingine ni mwezi mzima.")

Mama, nakuelewa kama mzazi. Lakini rufaa ni ya mtu mmoja, na mradi ni wa wote.

(Kefa: "Wote ni nani, mheshimiwa?")

Ni Anold pamoja na walengwa mia tatu tisini na tisa ambao bado hawajapatikana. Hatuwezi kuwaacha nyuma. Na kuhusu nyaraka, mama yangu, ondoa shaka, ziko mikono salama. Naweza kusema hazijawahi kuwa karibu na uongozi kama zilivyo sasa.

(Anapigapiga karatasi za hotuba kwa kiganja. Makofi kutoka kwenye viti vyenye vitambaa.)

Tena nashangaa kuona haraka katika mkoa huu. Sisi ni watu wa kusubiri. Makaa ya mawe ya Mchuchuma tumeyasubiri yachimbwe, chuma cha Liganga tumekisubiri, na wakati wote huo tunalima mahindi juu yake kwa adabu. Miaka thelathini ya kijana mmoja ni nini mbele ya uzoefu kama huo?

(Hakuna anayecheka. Telesia hajakaa.)

Basi nieleze mafanikio. La kwanza ni mafunzo. Kwa kuwa hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kuiona bahari, na kwa kuwa bahari iko mbali na miguu ya waheshimiwa ina heshima yake, Kamati ilikwenda Manda, ziwani, kwa site visit ya siku tano, tukizingatia kanuni ya kitaalamu kwamba maji ni maji. Wajumbe wawili walipanda mtumbwi. Mmoja wao alitapika, na katika ripoti tumeandika kwamba changamoto za mazingira ya majini zimebainishwa kikamilifu.

(Mjumbe aliyesimama mwanzoni anatazama viatu vyake.)

La pili, tulipima kwa vitendo mchango wa mpishi katika uhalifu. Tulisonga ugali, wajumbe tisa wakala na watano wakaangalia, kisha wakabadilishana, na ikathibitika kwamba ugali wa mshiriki mdogo hauna tofauti yoyote na ugali wa raia mwema. Matokeo haya tumeyafunga kwenye bahasha yenye muhuri.

La tatu, na hili nalisema kwa fahari kwa sababu ni wazo langu, ni kubana matumizi. Rimu ya mwisho ya ofisi iliisha mwezi wa tatu. Kiongozi mwingine angekaa analia. Mimi niliweka utaratibu kwamba karatasi yoyote inayoingia ofisini ikiwa imechapwa upande mmoja, upande wa pili ni wa Kamati. Hatujatupa hata moja. Hata jiwe la msingi mnaloliona pale limefunikwa kitambaa cha bluu, ambalo Mgeni Rasmi angelifunua kama angekuja, ni jiwe lenye pande mbili. Huo ndio ubunifu, na vijana wetu waige.

(Telesia: "Mheshimiwa, saa saba hii.")

Mama, muda ninao mimi. Nipo ukurasa wa sita kati ya kumi na saba.

(Upepo mkubwa unapita uwanjani, ule wa Makambako ambao watu huushikia kofia kabla hawajausikia. Turubai linainuka upande mmoja. Karatasi za hotuba zinaruka. Wajumbe kumi na wanne wanazikimbiza kati ya viti, mmoja anaikalia moja ili isiondoke, makuli wanacheka.)

Msicheke, upepo ni rasilimali. Asante, mjumbe. Na hiyo, asante. Hiyo ya mtaroni nani anaifuata? Kijana, ifuate. Vizuri. Ukurasa wa saba huu hapa. Nilikuwa nasema, na naomba utulivu kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa hotuba.

Mahakama hii imejiridhisha pasipo shaka yoyote kwamba mshtakiwa wa saba.

(Makofi kutoka kwenye viti vyenye vitambaa.)

Asanteni. Kwamba mshtakiwa wa saba alikuwa mpishi, na hakuna shahidi aliyemwona akipokea wala kukabidhi mzigo. Lakini kwamba kwa kuyashona magunia yote kumi na mawili na kuyawekea mahali pa kushikia, aliyatayarisha kwa kubebwa, na kwa hiyo alishiriki. Alipoulizwa na wakili wa serikali ni nani aliyemwagiza kufanya hivyo, mshtakiwa alijibu, na Mahakama inanukuu: "Hakuna aliyeniagiza. Kwetu gunia halisafiri mdomo wazi. Mama angeliona angenisema."

(Hakuna anayepiga makofi. Mwenyekiti anasoma mstari mwingine kimoyomoyo. Anageuza karatasi. Anaigeuza tena.)

Bibi Eveline.

(Eveline: "Ni ule utaratibu wa rimu, mheshimiwa.")

Naam. Ndugu wananchi, kama mlivyosikia, hotuba hii ina pande nyingi.

(Telesia amekwishafika mbele. Ananyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. "Hiyo ni yangu.")

Mama, hii ni hotuba ya uzinduzi.

("Upande wako ni hotuba. Upande wangu ni mwanangu.")

Basi tuelewane kistaarabu. Niache nimalize kusoma, halafu Kamati itakaa, itapitisha azimio la kukurudishia, na azimio hilo litachapwa.

("Litachapwa kwenye nini, baba?")

(Makuli wanacheka. Mchungaji mmoja anafunika mdomo kwa kofia.)

Tutoe fotokopi.

(Eveline: "Umeme hakuna, mheshimiwa.")

Mama Anold, fikiria picha pana. Kuna itifaki. Kuna wageni. Mtu hawezi kumnyang'anya kiongozi hotuba akiwa katikati ya mafanikio.

("Sikunyang'anyi. Nangoja unipe.")

(Anangoja. Mwenyekiti anamtazama Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye anatazama simu yake. Mwishowe anampa ukurasa wa saba, kisha wa nane, kisha zote zilizobaki. Telesia anazipokea mojamoja, anasoma namba zilizo upande wake, anapanga. Mjumbe anainuka kidogo, anatoa ile aliyoikalia. Kefa analeta ile ya mtaroni, anaipangusa kwenye fulana yake. "Ukurasa wa mwisho una muhuri, shangazi. Muhuri haujaloa." Telesia anahesabu zote kumi na saba. Kefa anampa kipande cha kamba ya katani. Anazikunja, anazifunga, anapiga fundo, na anaacha masikio mawili ya kushikia.)

("Haya, baba. Ubaki salama." Makuli wanampisha njia kuelekea stendi. Wawili wanatangulia mbio kulisimamisha basi la Njombe.)

Ndugu wananchi.

(Anatafuta kitu juu ya meza. Hakuna kitu juu ya meza.)

Ndugu wananchi, kwa kuwa muda umetutupa mkono, niruke moja kwa moja kwenye shukrani, ambazo nazijua bila karatasi. Namshukuru Mgeni Rasmi ambaye hakuja. Ofisi yake ndiyo iliyopiga simu mwezi wa kwanza ikasema kwenye ziara yake kuna saa moja haina kitu, atakuwa anapita Makambako, mna chochote cha kuzindua? Tukajibu kipo. Mngekuwa ninyi mngejibu nini? Kiongozi anauliza kama una kitu, unamwambia huna? Nawashukuru wajumbe waliokubali kuwa wajumbe siku hiyohiyo kabla hatujajua wa nini. Namshukuru mjumbe aliyekuwa amesikia redioni kwamba kuna nchi wanawapunguzia miaka wapishi na wabeba mizigo wa kwenye maboti, akasema hilo ni jambo zuri na halina gharama za ujenzi. Lilikuwa jambo zuri. Hata sasa ni jambo zuri. Huo Mwongozo niliousema hakuna aliyeuandika. Tulikuwa tunasubiri uandikwe ili tuwe tumeshauanza.

(Kefa: "Kwa hiyo Anold hajapunguziwa hata siku.")

Kwa sasa, hata siku. Lakini fomu yake tuliijaza vizuri.

(Watu wa mbele wanaanza kusimama. Kiti chenye kitambaa kinaanguka.)

Msinitazame hivyo, wazee wangu. Mimi sikuanzisha jambo hili. Yuko aliyepiga simu, yuko aliyeidhinisha, yuko aliyesema iwe bahari, na hao wote leo hawapo hapa, wako makwao. Mimi nimekuta gunia limeshajazwa na wakubwa, nikaambiwa lishone mdomo, nikashona. Kama kuna lawama basi nami naomba nipimwe kwa udogo wangu. Ndugu zangu, mimi ni mshiriki mdogo.

(Kefa hapandishi sauti. "Mheshimiwa, Anold alishona la watu, lina mzigo, tena hakuambiwa kuna nini. Wewe umeshona gunia tupu, na ulilichungulia kwanza.")

Tusiingie kwenye mambo ya kiufundi. Tumalizie kwa kaulimbiu, kila mmoja kwa nafasi yake. Nikisema mshiriki mdogo, mnasema adhabu ndogo. Mshiriki mdogo.

(Kutoka barabarani inasikika honi ya basi, kisha injini inayopanda kuelekea Njombe.)

Mshiriki mdogo.

(Upepo unakivua kitambaa cha bluu. Jiwe la msingi limeandikwa: Uzinduzi wa Josho la Ng'ombe, na tarehe ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Mtu anamuuliza jirani yake josho hilo liko wapi. Jirani anamwambia amuulize mwenyekiti. Mpiga picha anafunga begi lake.)

Asanteni sana kwa usikivu wenu. Chai ipo kwa wajumbe. Anayehitaji nakala ya hotuba hii, ataipata kwa Mama Anold.